Maswali ya wasomaji: Nianzie wapi kokpiti ya Spitfire mu lupango yangu?

Toleo lililopita tuliandika mistari michache tu juu ya watu wa Ulaya wanaojenga kokpiti (chumba cha rubani) za ndeke za vita za zamani nyumbani kwao, tukafikiri itapita, kumbe hapana. Barua zimetoka Katuba, Kampemba, Kenya (ile komini ya hapa Lubumbashi, siyo nchi), moja imetoka mpaka Likasi. Basi ukurasa wote wa mwezi huu ni wa watu wa kokpiti, wale wa pikipiki na pampu za maji mtuvumilie, zamu yenu inarudi.

SWALI: Mkubwa, habari ya kazi. Mimi ni sudere, niko na atelye ndogo Katuba, nafanya mageti, madirisha, vitanda vya chuma. Tangu utoto napenda ndeke za vita za zamani, sana sana Spitfire ya Waingereza, naangalia video zake mpaka mega zinaisha, na sasa nimeamua nijenge kokpiti yake mu lupango yangu, saizi ya kweli, mtu anapanda anakaa anafunga kioo. Haitaruka, najua, sitafuti kuruka. Mashine ya kusude niko nayo, ya kukata niko nayo, toli naweza kupata. Rafiki zangu wananisukuma nianze na toli ya nje juu watu waone umbo, lakini mimi nasikia woga. Nianzie wapi? Na hii mashine yangu ya kusude itasaidia ama hapana? — Sudere wa Katuba, Lubumbashi

JIBU: Mdogo wangu, huo woga uko na akili, usikilize. Usikate toli. Kokpiti inajengwa kutoka ndani kwenda nje: kwanza rubani anakaa wapi na macho yake yanafika wapi, kisha mikono inashika nini, miguu inakanyaga nini, halafu njo mbavu, toli inakuja mwisho kabisa. Anayeanza na toli anapata umbo zuri la kupiga nalo picha, siku ya kuingiza kiti anakuta hakiingii, ama kinaingia lakini magoti yanagonga tablo, na toli ikishakatwa imekatwa.

Lakini hata kabla ya kiti kuna kazi ya karatasi na watu wanairuka sana: chagua Spitfire moja. Ile ya kwanza iliruka tarehe 5 Machi 1936, aliyeichora ni R. J. Mitchell wa kampuni ya Supermarine, akafa 1937 bila kuiona vitani, wenzake wakaendelea kuibadilisha mwaka baada ya mwaka mpaka zikatoka zaidi ya 20,000, za aina zaidi ya 20. Kwa nje, mtu asiyezijua ataona zote ni moja. Ndani haiko hivyo. Kwenye zile za mwanzo kabisa rubani alikuwa anapampu magurudumu kwa mkono ili yapande, baadaye mota ikafanya kazi hiyo, basi mtambo wa upande wa kulia ukabadilika sura yake yote. Saa ya mwendo ya wakati wa vita inasoma maili kwa saa, baada ya vita wakahamia maili za baharini. Ukichukua picha moja hapa na nyingine kule bila kuangalia ni ya aina gani, utajenga kokpiti ambayo haijawahi kuwepo duniani, na ukishajua hautaweza tena kuiangalia kwa raha. Mimi nakushauri Maki V, yaani aina ya tano, ndiyo iliyotengenezwa kwa wingi kuliko aina zingine zote, kwa hiyo picha zake na michoro yake haikosi.

Tafuta kile kitabu kidogo ambacho serikali ya Uingereza ilikuwa inawapa marubani, kinaitwa Pilot's Notes, kila ndeke ilikuwa na chake na siku hizi vimepigwa skani. Ndani mna picha tatu kubwa, upande wa kushoto, katikati na kulia, kila swichi iko na namba na jina lake chini. Ni Kiingereza, sawa, mwite kijana yeyote wa kartye anayesoma Kiingereza mkae naye jioni moja mpitie namba kwa namba. Chapisha hizo picha kubwa, zibandike ukutani kwenye atelye, ziwe mbele ya macho yako hata siku unafanya geti la mtu.

Michoro ukiichapisha usiamini saizi iliyotoka kwenye printa. Tafuta kitu kimoja ambacho kipimo chake kimeandikwa pale pale juu ya mchoro, kipime kwa rula, kwanza kwa urefu kisha kwa upana, juu printa nyingi zinavuta upande mmoja. Kosa la milimita 2 kwenye karatasi ndogo linakuwa sentimita kadhaa kwenye mbavu.

Sasa makarato. Yale ya frigo na televizheni, omba kwenye maduka. Kata mbavu zote kwa makarato kwanza, zisimamishe, zifunge na skochi, weka kiti cha plastiki katikati, ingia. Hapo njo utaelewa hii ndeke ilikuwa nini. Ni nyembamba, mabega yanakaribia kuta pande zote mbili, na mbele yako pale miguu inaelekea, nyuma ya tablo, palikuwa tangi mbili za petroli, moja juu ya nyingine, jumla galoni 85 za Kiingereza, karibu litre 386, mtu amekaa nyuma ya petroli na mbele ya petroli kuna mota ya litre 27. Ukikaa ndani ya makarato yako ukanyosha miguu utafikiria hilo, na utawafikiria wale vijana, wengi wao hawakuwa hata na miaka 25.

Wembamba huo ndio uliofanya usukani wake uwe vile ulivyo, na hiki ni kitu ningependa ukitengeneze kwa uangalifu kuliko vyote. Ndeke nyingi fimbo ya usukani inalala yote kushoto na kulia. Kwenye Spitfire haingewezekana, ingegonga mapaja ya rubani, kwa hiyo fimbo yote inakwenda mbele na nyuma tu, na kwa kulia na kushoto inavunjika katikati, sehemu ya juu peke yake njo inalala. Juu kabisa kuna duara ya kushikia, ndani ya duara kuna kitufe cha bunduki, na hapo hapo kuna mkono mdogo wa breki, unaukamata kwa vidole kama ule wa kinga (baiskeli). Hiyo duara usihangaike kuikunja kutoka bomba: chonga ya mti, ilainishe na msasa, peleka kwa wale mafundi wanaoyeyusha alumini na kumimina masufuria kwenye mchanga, wakumiminie kutoka ule mti wako. Alumini ya sufuria inavunjika ukiigonga sana lakini kwa duara ya kushika inatosha kabisa. Kisha unaizungushia kamba nyembamba, imekazwa vizuri.

Tena Spitfire haina sakafu! Hii inashangaza watu. Chini ya pedali kuna njia mbili tu za kuteleza visigino, pembeni ni wazi mpaka tumboni mwa ndeke, rubani akiangusha penseli imekwenda. Usiweke ubao wa kutembelea, utaharibu ukweli wake. Na pedali ziko na ngazi mbili, ya chini ya siku zote na ya juu ya wakati wa kupigana, juu miguu ikiinuliwa damu haikimbilii haraka chini rubani anapokunja kona kali. Mlango mdogo uko kushoto, na kwenye huo mlango kunafungwa mtaimbo mfupi wa kuvunjia kioo kama kimekwama. Mtaimbo huo ni kazi ya nusu saa kwako, ufanye mapema, utakupa moyo.

Sasa mashine yako ya kusude. Ngozi ya ndeke za wakati ule ni durali, yaani alumini iliyochanganywa na shaba kama asilimia 4 hivi, na nguvu ya durali inatoka kwenye namna ilivyochomwa na kupozwa kiwandani kisha ikaachwa ikomae. Ukiipitishia moto wa kusude nguvu hiyo inakufa palepale, inabaki laini kando ya mshono, mara nyingi inapasuka. Ndiyo sababu ndeke zinafungwa kwa riveti, maelfu na maelfu, haiko kwamba watu wa wakati ule hawakujua kusude. Sisi wa mji wa shaba tunapenda kujua hizo asilimia 4 zimo, na wakati wa vita shaba ya Katanga ilikuwa inakwenda upande wa Waingereza na wenzao, kwa hiyo unapojenga hii kitu usifikiri unajenga kitu cha watu wengine kabisa.

Kusude kwako kuko chini: shasi. Chukua tubu za mraba za milimita 40, piga fremu nzito yenye miguu minne na magurudumu, kokpiti yote ikae juu yake kwa boliti, watu wapande bila kuyumba. Mbavu fanya za tripleksi ya milimita 18, ile nzuri isiyofunguka tabaka mvua ikiinyeshea. Toli ya alumini ya milimita 0.8 inatosha kuivika, ifunge na riveti za kuvuta, zile zinazobaki na kitundu katikati, vitundu vijaze mastiki kabla ya rangi. Pale alumini inagusa chuma cha shasi weka kipande cha raba katikati, mvua za Novemba zikianza zikikuta vinagusana alumini italika pole pole, utaona unga mweupe.

Kiti usikifanye cha toli. Viti vingi vya Spitfire vilikuwa vya karatasi ngumu iliyoshindiliwa na resini, rangi kama matofali ya kuchomwa, na hiyo ni bahati yako, tripleksi nyembamba ya kukunja ukiipaka rangi hiyo mtu hatatofautisha mpaka aguse. Kuta za ndani ni kijani kilichofifia kinachoelekea kijivu, tablo nyeusi. Usipake ule kijani-manjano wa ndeke za Wamarekani, wengi wanakosea hapo.

Na sasa jibu lenyewe ulilouliza, nianzie wapi. Anzia kwenye zile saa sita za tablo, vipimo anavyosoma rubani. Katikati ya tablo ya Spitfire kuna kipande kimoja cha peke yake kimefungwa juu ya raba kisitikisike, kiko na saa sita, na Waingereza waliziweka hivyo hivyo kwenye karibu ndeke zao zote za vita vile: juu kutoka kushoto ni mwendo, kisha upeo wa macho wa bandia, kisha kupanda na kushuka, chini ni kimo, kisha mwelekeo, kisha kona na kuteleza kando. Kata hicho kipande, toboa duara sita, chapisha nyuso za saa kwenye karatasi isiyong'aa, funika na pleksi ya milimita 2, weka visi nyeusi, paka rangi. Kitu chenye upana wa mikono yako miwili, kinakaa juu ya meza, hakiombi lupango wala shasi. Kikimalizika na ukikiangalia bado una hamu, endelea na makarato. Kama hamu imekwisha hapo, umebaki na kitu kizuri cha ukutani na haujapoteza toli. Naamini yako haitaisha, barua yako inasema hivyo. Kiangazi ndicho cha mbao na rangi, vumbi jekundu lifunikie kwa shiti, na masika fanya vitu vya ndani, saa, swichi, usukani.

SWALI: Bwana yangu amepatwa na hii homa ya kokpiti. Mwezi uliopita akaja na sanduku la saa za zamani za ndeke, alipewa na mzee mmoja aliyekuwa anatoa vitu kwenye depo. Anazitunza chini ya kitanda chetu. Namba zake zimekuwa za kahawia kama zimeungua na yeye anafungua kioo anazikwangua na msasa ili azipake nyeupe upya, watoto wanamkalia pale wanaangalia. Mimi nasikia haiko sawa lakini siwezi kueleza sababu. Niseme nini? — Mama wa Likasi

JIBU: Mama, asante sana kwa kuandika, na tafadhali hii soma naye leo hii, usingoje wikendi.

Zile namba za kahawia zinaweza kuwa rangi ya radiamu. Saa nyingi za ndeke za miaka ya 1930 na 1940 zilipakwa rangi hiyo ili rubani asome usiku bila taa: radiamu imechanganywa na unga wa zinki, radiamu inapiga, unga unawaka. Miaka inavyopita unga unaungua na kuwa kahawia, hauwaki tena, na hapo njo watu wanadanganyika, wanasema imekufa. Kilichokufa ni mwanga. Radiamu yenyewe inachukua miaka 1,600 kupungua nusu, kwa hiyo ya mwaka 1940 ni karibu nzima kama siku iliyopakwa.

Saa ikiwa imefungwa, kioo kizima, haijavunjika, imekaa mbali na watu, hatari yake ni ndogo. Hatari kubwa ni vumbi. Anapokwangua na msasa ile rangi inapanda hewani, inaingia puani, inakaa kwenye mikono, kwenye chakula, kwenye mkeka wa watoto, na mwili unaichukua radiamu kama vile ni chokaa ya mifupa, unaiweka ndani ya mifupa na haitoki haraka. Wanawake wa Marekani waliokuwa wanapaka rangi hii kwenye saa miaka ya 1920, wakichongesha brashi kwa midomo, waliumia mataya na mifupa, wengine wakafa, na kesi yao ndiyo iliyofanya dunia ijue.

Basi fanyeni hivi. Msasa usimame sasa hivi, hata saa iliyobakia nusu iachwe vile ilivyo. Sanduku litoke chumbani, kila saa iingie kwenye mfuko wake wa plastiki, mifuko iingie kwenye bati yenye kifuniko, bati likae nje ya nyumba ya kulala, pahali penye hewa na penye kufuli, juu radiamu inatoa pia gesi, na gesi hiyo haitakiwi kukusanyika pale watu wanalala. Pale alipokuwa anakwangulia msifagie, ufagio utainua vumbi, panguseni na kitambaa kibichi, kitambaa na msasa viingie kwenye mfuko mmoja na vifungwe pamoja na saa. Nguo alizokuwa amevaa zifuliwe peke yake, mikono ioshwe na sabuni, kucha zikatwe. Watoto wasikaribie kabisa, na kama kuna mwenye mimba nyumbani na yeye vilevile. Msitupe kwenye takataka, msiuze kwa watu wa vyuma vikuukuu, mtakuwa mmemhamishia mtoto wa mwingine. Waulizeni watu wa fizikia wa UNILU, chuo kikuu cha Lubumbashi, ama ile ofisi ya serikali ya mambo ya atomu, CGEA, wao njo watasema zipimweje na zipelekwe wapi. Na mweleze daktari wenu kilichotokea.

Wewe uko Likasi, mama, kwa hiyo mgodi wa urani wa Shinkolobwe unaujua, uko karibu na kwenu. Mawe yaliyotoka pale, Union Minière, kampuni ya migodi ya Wabelgiji, ilikuwa inayapeleka Olen, Ubelgiji, na kuanzia 1922 wakatoa humo radiamu, mpaka Canada ilipoingia miaka ya 1930 karibu radiamu yote ya kuuzwa duniani ilikuwa inatoka kwenye hayo mawe. Inawezekana kabisa kinachokaa chini ya kitanda chenu kilitoka kwenye udongo wa kwenu, kikazunguka Ulaya, kikarudi. Watu wetu waliichimba bila kuambiwa ni nini. Sisi tunaojua tusiipeleke kwenye vifua vya watoto kwa ajili ya namba nyeupe.

Bwana wako mwambie hamu yake hatujaikataza. Kokpiti nzuri kabisa zinajengwa na saa za kuchapisha, na mimi nazipenda hizo kuliko za kweli. Kama anataka kujua ile saa ya kimo bado ni nzima, haina haja ya kuifungua: ikiwa iko na kidirisha cha milibari azungushe kisomeke 1013, hapo Likasi mshale lazima ukae zaidi kidogo ya futi 4,000, juu ndiyo kimo cha mji wenu. Ukikaa hapo, saa inapumua. Airudishe kwenye mfuko.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi, niko Kampemba. Babu yangu anasimulia Fuga, ile ndeke ya Tshombe, ilivyokuwa inapita juu ya mji 1961. Kwa nini wote mnajenga Spitfire ambayo haijatupita hapa? Mimi nataka kokpiti ya Fuga. Inafaa? — Mjukuu

JIBU: Inafaa, na mimi nimefurahi kupita unavyodhani. Ndeke ya babu ni Fouga CM.170 Magister, ya Ufaransa, iliruka mara ya kwanza 1952, na haikuwa ndeke ya vita kwa kuzaliwa: ni ya kufundishia marubani, viti viwili kimoja nyuma ya kingine, mota mbili ndogo za Turbomeca Marboré, mkia wake kama herufi V, hapo njo wazee wanaikumbuka. Katanga ya Tshombe, iliyokuwa imejitenga na Kongo, ilipata tatu mwezi wa pili 1961. Moja ikaanguka, moja ikakamatwa na ONU (Umoja wa Mataifa), ikabaki moja, na hiyo moja, Septemba ya mwaka ule, ilisumbua jeshi lote la ONU juu hakukuwa na ndeke nyingine ya vita ya kuizuia. Kisha ONU ikaleta Saab J 29 za Uswidi, Canberra za Uhindi na Sabre za Ethiopia, na Desemba mambo yakageuka.

Kwa mjenzi Fouga iko na faida kubwa: kiti chake hakina baruti. Hii niwaambie wote, kiti cha ndeke ya jeti kinachomrusha rubani nje kinafanya kazi kwa risasi za baruti, na baruti hiyo ikizeeka haipoi, inakuwa ya kutoamini. Ukikuta kiti kama hicho mahali popote, kwenye vyuma vikuukuu ama kwenye lupango ya mtu, usikiguse, usivute mpini wowote. Fouga haikuwa nacho, kiti ni kiti. Jenga sehemu ya mbele peke yake, ukipata nguvu baadaye ongeza ya nyuma, ile yenye periskopu ya mwalimu, juu kutoka kule nyuma hakuwa anaona mbele vizuri. Zilitengenezwa zaidi ya 900, Ufaransa na Ubelgiji zimo kwenye makumbusho, picha za ndani ni nyingi na maandishi yake ni ya Kifaransa, utasoma mwenyewe bila kumtafuta mtu.

Kitu kingine: kaa na babu urekodi. Aliiona inatoka upande gani, ililia vipi, watu walikimbilia wapi. Fouga ya makumbusho ya Brussels haiko na hayo.

Na rangi za jeshi ama alama za Katanga usizipake kwa nje pale watu wa barabarani wanaona. Siasa ya ile bendera bado ni moto hapa, na mtu anayepita haraka hawezi kujua hii ni tripleksi. Nenda mapema kwa shefu wa kartye, mwonyeshe picha na mchoro, mwalike aje aone kazi ikiwa bado ni makarato. Mabomba yanayofanana na bunduki usiweke kabisa.

SWALI: Nianze na kompyuta ama na mbao? Nataka saa zitembee kweli. — R., Kamalondo

JIBU: Mbao. Kompyuta inazeeka, mbao inangoja. Ila leo hii acha nafasi nyuma ya tablo, sentimita 15 hivi, na njia za kupitisha nyaya, ili baadaye usitoboe upya. Wakati ukifika, programu ya FlightGear, ya kuiga kurusha ndeke kwenye kompyuta, ni ya bure, iko na Spitfire ya kupakua, na inaweza kutoa namba za mwendo na kimo kwenda kwenye kadi ndogo ya Arduino, kadi inazungusha vimota vya mshale. Vimota hivyo vimo kwenye tablo za magari mengi ya siku hizi, vile vidogo vya kuzungusha mshale wa spidi, kwa hiyo ongea na wanaouza vipande vya magari yaliyogongwa kabla ya kuagiza chochote nje. Yote iendeshwe na volti 12 za betri, umeme ukikatika hauharibu kitu. Anza na mshale mmoja wa mwendo, ukitembea vizuri, fuata wa kimo.

SWALI: Sisi tunapanga, Kenya, chumba na sebule, baba mwenye nyumba anaweza kututoa wakati wowote. Niache hii ndoto? — Mpangaji

JIBU: Usiiache, ijenge kwa vipande. Hata Spitfire yenyewe haikuwa kitu kimoja, mkia mzima ulifungwa kwa boliti kwenye mwili, mabawa vilevile, juu zilikuwa zinavunjika kila siku na lazima zitengenezwe upesi. Wewe gawa kokpiti yako mara tatu: tablo na pedali, kiti na kuta zake, mgongo na kioo. Mbavu mbili zinazokutana zitoboe pamoja, zimefungwa na klempu, ili boliti za milimita 8 zipite bila kulazimisha siku ya kuunganisha. Kila kipande watu wawili wakibebe bila kuita wa tatu. Kabla ya kukata ubavu wa kwanza pima mlango wa chumba na ule wa nje, chukua ule mwembamba, toa sentimita 5 za vidole vya wabebaji, na kipimo kinachobaki kiandike juu ya mchoro kwa kalamu nyekundu. Hakuna kipande kitakachozidi hapo.